Eda Yangu na Mkanda wa Nasibu

Mwezi uliopita tulimzika shemeji yangu Warsame, Mungu amrehemu, na pale kwenye mikeka ya matanga, Kiwanjani, nikamsikia Abdullahi wa duka la sukari akiwaambia watu: "Huyu mzee alikuwa na sikio! Ile lori Nasibu, ya marehemu ndugu yake, ilikuwa inalia, mafundi wote wakashindwa. Yeye akaisikiliza tu, akaiponya." Wanaume wakatikisa vichwa. Mimi nilikuwa nimeshika kikombe cha chai, nikakiweka chini. Sikusema kitu, kwa sababu mtu habishani na maiti siku ya kuzikwa. Lakini siku zile zimepita, mimi bado niko hai, na kama kuna mtu anafikiri nitakaa kimya mpaka na mimi nizikwe ndiyo hadithi ibaki hivyo, basi huyo hanijui. Sikio lililoisikia Nasibu lilikuwa langu. Nilisoma mpaka darasa la tatu, lakini majina ya watu sisahau, na maneno yaliyosemwa mwaka ule yote ninayo.

Nilikuwa na miaka ishirini na tatu. Mume wangu Yusuf alikufa kwa homa safarini Marsabit, na aliyemrudisha nyumbani Isiolo ni Galgalo, dereva mwenzake, Mborana mrefu mwenye haya, akamlaza ndani ya lori la Yusuf mwenyewe. Lori lile ndilo Nasibu, jina limeandikwa kwa rangi nyekundu juu ya kioo cha mbele. Tulimzika alasiri ileile, na kabla ya magharibi nilikuwa nimevaa nguo nyeupe, nimekaa chumbani kwetu Bulla Pesa, eda imeanza. Miezi minne na siku kumi mjane anakaa nyumbani kwa mumewe. Hakuna wanja, hakuna hina, hakuna manukato, hakuna kwenda sokoni wala arusini. Chumba kilikuwa na urefu wa hatua tano na upana wa hatua nne. Nilizihesabu mara nyingi kuliko ninavyotaka kusema. Kitanda cha kamba, sanduku la bati, mtungi wa maji, na dirisha moja la mbao linalotazama uani. Na hapo uani, karibu sana hata ningerusha kokwa ya tende ingeligonga, ndipo Nasibu ilipoegeshwa. Siku hizi wajukuu wangu wakikaa nusu siku bila simu wanasema wamefungwa jela. Mimi nilikaa miezi minne na maneno ya watu wengine yakipita dirishani, na nawaambia, ukikaa hivyo unaanza kujua nani anakohoa kabla hajakohoa.

Chakula alileta mama mkwe wangu, Habiba, ambaye sote tulimwita Ayeyo, yaani nyanya kwa Kisomali. Asubuhi anjera tatu, zile chapati laini za Kisomali, na chai ya maziwa ya ngamia yenye harufu ya moshi wa kibuyu. Mchana wali na nyirinyiri, zile nyama ndogondogo zilizokaangwa zikawekwa ndani ya samli. Hakuniachia sinia akaenda zake. Alikaa chini, mkono wake na wangu tukala pamoja, na hatukuongea sana. Katika wiki ya pili, tukiwa kwenye chai, nikasikia ndege nje: chwi, chwi, chwi, chwi, haraka haraka, kama wale ndege wadogo wa manjano wanaosuka viota kwenye miti ya miiba. Ayeyo akainua kichwa, macho yakamjaa machozi.

"Hata ndege wa porini wamekuja kumlilia mwanangu," akasema.

"Ayeyo," nikamwambia, "huyu ndege analia gari ikiwashwa tu. Ikizimwa ananyamaza."

Akanitazama kama mtu aliyenyang'anywa kitu, na nikajuta kusema. Ningemwachia ndege wake hata kwa siku moja. Lakini ndivyo nilivyo. Nikisikia kitu siwezi kujifanya sikukisikia.

Sasa Warsame. Alikuwa ndugu mkubwa wa Yusuf, mtu wa sauti kubwa, naye alikuwa na mke wake, Sahara, kule Kiwanjani, mwanamke mzuri ambaye sina neno baya juu yake. Yusuf alipokufa, Warsame ndiye aliyeshika funguo za Nasibu. Kitu cha kwanza alichofanya ni kubadilisha dinamo, ile inayochaji betri, akaifunga mwenyewe kwa mikono yake bila kuita fundi, ili watu waone gari limepata mwenyewe. Sikuona ubaya. Nilisikia spana zikigongana, nikamsikia akijisifu, basi. Ndege akaanza kulia siku chache baadaye. Nikawa nasikia mazungumzo yao kila asubuhi, boneti imefunguliwa, hatua sita kutoka kitandani kwangu.

"Hii ni injini," Warsame alisema. "Injini ikianza kulia hivi, inakufa pole pole."

"Mimi naona kama ni mkanda wa feni, bwana," Galgalo akajibu.

"Wewe unaona! Kazi yako ni usukani. Wewe ona barabara."

Siku hiyohiyo mchana alikaa na mama yake nje ya mlango wangu, na sijui kama alifikiri mlango wa mabati ni ukuta wa jiwe. "Mama," akasema, "hii gari ikikufa tutaipeleka Meru ikatwe vipande, tuuze chuma. Na Dahabo nitamchukua mimi, awe mke wangu. Ndiyo desturi. Mke wa ndugu yangu hawezi kubaki nje kama mbuzi aliyepotea."

Ayeyo akaendelea kuchambua mchele. "Na gari ikitembea?"

"Ah. Ikitembea, nyinyi wawili mtakula kwa hiyo gari. Ikitembea nani atawaambia kitu? Lakini haitatembea, Mama. Hiyo ni injini."

Ni kweli, ilikuwa desturi. Mjane anarithiwa na ndugu wa mumewe, na nimewajua wanawake walioingia humo wakapata nyumba nzuri na watoto. Siwadharau. Lakini mimi sikutaka. Sikumtaka Warsame, sikutaka kuwa wa pili nyumbani kwa Sahara, na sikutaka mtu aniwekee maisha yangu juu ya mkanda wa mpira. Kuanzia siku ile nilijua: Nasibu ikipona, nina mdomo wa kukataa. Nasibu ikikatwa chuma, mimi na mwanamke mzee asiye na mtoto mwingine ila Warsame tutakataa tukila nini? Kwa hiyo watu wasiniambie leo kwamba lilikuwa jambo la gari.

Wakaanza kuitibu. Kwanza Warsame aliukaza mkanda mpaka ukalia kama uzi wa zeze ukiguswa, na ndege akaendelea kulia, ila sasa na pampu ya maji nayo ikaanza kunguruma. Kisha akanunua mkanda mpya. Ukanyamaza siku mbili, siku ya tatu ndege akarudi na nguvu mpya. Ule wa zamani Galgalo aliutupa chini ya dirisha langu. Halafu ikaja ile dawa. Kwetu sisi mafuta ya mkia wa kondoo ni dawa ya kila kitu. Mtoto akikohoa, mafuta. Kisigino kikipasuka, mafuta. Mwanamke akijifungua anakunywa, ngozi ikikauka inapakwa. Warsame akaja na kopo zima.

"Haya mafuta yaliponya goti la baba," nilimsikia akisema. "Yatashindwa na mpira?"

"Bwana, mpira na mafuta..." Galgalo akaanza.

"Warya! Paka!"

Wakapaka mkanda, wakapaka puli, vile vigurudumu vinavyouzungusha, na nasema ukweli, ndege alinyamaza kabisa. Harufu ya kondoo wa kukaanga ikajaa uani, paka wa jirani wakaja wakakaa chini ya injini. Warsame akala kwetu mchana ule akicheka. Kesho yake Nasibu ikapakia unga kwenda Archers Post. Haikufika. Mkanda ulikuwa unateleza kama sabuni, feni haizunguki, maji hayazunguki, na injini ikachemka pale Ngaremara mbele ya wachungaji na mbuzi wao. Ilirudi jioni ikivutwa na lori la mchanga, mnyororo ukiburuta njia nzima ya Bulla Pesa, watu wote wamesimama milangoni. "Si nilisema?" Warsame akapaza sauti uani, kana kwamba ameshinda kitu. "Injini!" Nikakaa kitandani nimeshika kichwa, na Ayeyo kwa mara ya kwanza hakuleta chai.

Kesho yake nilimwambia Ayeyo anipitishie ule mkanda wa zamani uliotupwa chini ya dirisha. Akauliza wa nini. Nikasema wa kufungia sanduku. Akaniletea, na sanduku sikulifunga. Niliushika mkanda ule mapajani, nikaupitisha vidoleni kama mtu anayetafuta mwiba kwenye mguu wa mtoto. Upande mmoja ulikuwa umelika, laini, unang'aa, nyuzi zinatoka. Upande wa pili ulikuwa bado na sura ya dukani. Kitu kinachovutwa sawa hakiliki upande mmoja. Kiatu cha mtu anayetembea sawa hakiliki upande mmoja. Siku chache baadaye mafuta mengi yakawa yameungua kwenye mkanda, ndege akarudi, nami nikawa nasikiliza kwa makini. Galgalo akiwasha asubuhi, mimi nahesabu kwa tasbihi yangu, punje moja kwa kila chwi. Mungu anisamehe, punje zile zilikuwa za kazi nyingine. Injini ikienda pole, ndege analia pole. Akikanyaga mafuta, ndege anaharakisha, sawasawa, hapotezi hatua. Injini inayokufa haina adabu ya namna hiyo.

Halafu mvua ikanyesha, ile mvua ya Isiolo inayokuja kama mtu amemwaga karai. Boneti ilikuwa wazi, wanaume walikuwa wamekimbilia barazani wakaiacha Nasibu ikiunguruma. Na ndege akanyamaza. Nikasimama dirishani. Mvua yote, kimya. Ilipokatika, jua likatoka, mvuke ukapanda kwenye injini, dakika kumi hivi, na ndege akaanza tena: chwi, chwi, chwi.

Hapo nikamsikia Yusuf. Sisemi mzimu, sisemi ndoto, nasema nilikumbuka. Mwaka wa kwanza wa ndoa alinichukua safari moja mpaka Marsabit, na karibu na Laisamis mkanda ukapiga kelele. Akasimamisha gari, akanipa kibuyu, akasema nimwage maji kidogo juu ya mkanda injini ikiwa inazunguka. "Ikinyamaza, ikikauka ikaanza tena, puli hazijakaa mstari mmoja. Ikipiga kelele zaidi, mkanda umelegea. Umeshika?" "Nimeshika." "Sema tena." Nikasema tena, kama mtoto wa madrasa mbele ya maalim. Alicheka. Mimi nilikuwa na hasira, vumbi limenijaa mdomoni, sikuona sababu ya mke kukaririshwa mambo ya mikanda.

Nikafungua dirisha wazi. "Galgalo! Chukua kikombe cha maji, mwaga juu ya mkanda. Kidogo."

Galgalo akamtazama Warsame. Warsame akageuka pole pole. "Mwanamke wa eda anaongea na wanaume dirishani?"

"Naongea na gari ya mume wangu, shemeji. Galgalo, maji."

"Dahabo, funga dirisha! Una eda, huna hata haya?"

Nilikuwa na haya. Lakini kuna kitu nilikuwa nimekibeba tangu ile siku ya mlango wa mabati, na kikatoka chenyewe. "Nani anavunja eda hapa, shemeji? Mimi ninayetaja mkanda, au wewe uliyekaa mlangoni kwangu ukataja ndoa? Mwanamke wa eda haposwi waziwazi. Hiyo hata mimi wa darasa la tatu najua. Ulisema 'nitamchukua mimi, awe mke wangu.' Ulisema siku ya Jumanne, umekaa kwenye kile kigoda, Ayeyo anachambua mchele. Nirudie maneno yote?"

Ayeyo alikuwa amesimama karibu na jiko na ungo wa mchele mkononi. Alikuwa mwanamke wa dini sana, hakukosa swala hata akiwa na homa, na niliona neno lile likimwingia, maana na yeye alikuwa amelisikia siku ile na kulinyamazia. Akaweka ungo chini. "Amesema kweli," akasema. "Mimi nilisikia na sikukukataza. Mungu anisamehe." Kisha akaja mpaka mlangoni kwangu, akaufungua. "Toka, binti yangu. Uani ni nyumbani kwa mume wako. Galgalo, mlete fundi Mutwiri. Na wewe Warsame, kama una mguu wa kusimama, simama. Kama huna, kaa."

Fundi Mutwiri alikuwa Mmeru mfupi, mtu wa maneno machache, gereji yake ilikuwa mtaa wa pili. Alipofika alinikuta nimesimama mbele ya injini na nguo zangu nyeupe, Ayeyo ananishika kiwiko kama tunataka kupigana na mtu. Akatusalimia, akainama, akanusa. "Hapa kumechinjwa?" akauliza.

"Ni mafuta ya kondoo," nikasema.

"Ya kondoo." Akatazama mkanda, akatutazama sote, akaamua kutouliza zaidi. "Haya, mama, unasemaje?"

Nikamwambia yote: mkanda uliolika upande mmoja, mvua, kunyamaza na kuanza tena. Warsame akacheka. "Fundi, sasa unapimiwa na mjane?" Mutwiri hakucheka. Aliagiza maji ya moto na sabuni ya kufulia, akasugua puli zote tatu mpaka mafuta yakaisha, akapangusa mkanda, akausafisha, akaufunga tena si kwa kukaza kama zeze, akaubonyeza kwa kidole gumba mpaka aridhike. Galgalo akawasha. Chwi, chwi, chwi. Mutwiri akanipa kikombe. "Mwaga wewe mama, dawa ni yako." Nikamwaga. Kimya. Tukasubiri. Mpira ukakauka, na ndege akarudi.

"Zima," akasema Mutwiri. "Nani ana uzi?"

Ayeyo akavuta uzi wa kushonea mikeka kutoka kwenye ukaya wake. Alikuwa nao siku zote. Mutwiri akashika ncha moja kwenye puli ya chini, mimi nikashika nyingine kwenye puli ya feni, tukauvuta ukanyooka. Puli mbili ziligusa uzi. Ya tatu, ile ya dinamo, ilikuwa imerudi nyuma kwa unene wa sarafu mbili. Mtu yeyote angeiona. Ayeyo ambaye hakuwahi kutazama ndani ya injini aliiona. "Hii imekaa kombo," akasema.

Mutwiri akajinyoosha, akafuta mikono. "Nani alifunga hii dinamo?"

Galgalo akatazama mawingu. Ayeyo akatazama mchele wake. Mimi peke yangu nilimtazama Warsame, na nilimtazama mpaka akageuza uso. Sikusema jina lake. Leo naliandika, kwa sababu amepewa sifa ambayo si yake, na kwa sababu sidhani alifanya kwa ubaya. Alikuwa mtu aliyezoea kuaminiwa, na mtu wa namna hiyo hapimi kwa uzi.

Mutwiri alikata vipande viwili vya bati nene, akavitoboa, akaviweka nyuma ya dinamo, akakaza. Uzi ukagusa puli zote tatu. Galgalo akawasha, na Nasibu ikaunguruma tu, kama lori. Wiki ile ikaenda Archers Post ikarudi. Ikaenda tena. Safari ya tatu ikafika Laisamis na shehena nzima ya unga, ikarudi na mbuzi, na maji ya rejeta hayakuchemka. Nilirudi chumbani kwangu nikamaliza eda yangu siku hadi siku, sikupunguza hata moja. Sitaki mtu aseme nilivunja kitu cha Mungu ili nipate cha dunia.

Ilipoisha, Ayeyo alinimwagia maji ya kuoga kwa mkono wake. Ijumaa baada ya swala Warsame akaja na wazee wawili, wakakaa, wakapewa chai. "Dahabo," akasema, "eda imeisha. Sasa nasema kwa halali. Nataka kukuoa."

"Na mimi najibu kwa halali, shemeji. Sitaki."

"Gari inahitaji mwanaume."

"Gari inahitaji puli zilizonyooka."

Mzee mmoja chai ikampalia. Warsame hakuona cha kuchekesha. Alisema maneno mengi: kwamba Galgalo ataniibia, kwamba nani atasimamia mzigo, kwamba kama nitasimamia mwenyewe basi nitapanda gari na dereva asiye ndugu yangu, mji mzima utasema. Hilo la mwisho lilikuwa na uzito, na alijua. Wazee wakatikisa vichwa. Nikasema nitapanda, na mji useme. Lakini usiku kucha sikulala, kwa sababu kusema ni kitu kimoja, na kupita mbele ya milango ya Bulla Pesa ni kitu kingine.

Jumamosi asubuhi Nasibu ilikuwa imepakiwa, inakwenda Marsabit. Niliweka mguu kwenye ngazi ya lori, buibui jipya jeusi, na njia nzima watu wamejaa kama siku ya sikukuu. Warsame amesimama langoni, mikono kifuani. Ndipo Ayeyo akatoka nyumbani. Alikuwa amebeba birika, mkeka wa kuswalia, na furushi. Mwanamke yule hakuwahi kuvuka Ngaremara maisha yake yote.

"Sogea," akaniambia. "Mimi nakaa dirishani."

"Mama!" Warsame akapiga kelele. "Na wewe pia? Hiyo gari itawaacha jangwani! Mtarudi kwa miguu!"

Galgalo alimshika mkono akampandisha. Ayeyo akakaa, akapanga birika mapajani, akatoa kichwa nje. "Tukirudi kwa miguu tutapita kwako, Sahara atupikie chai. Wewe tupishe hapo langoni." Kisha akamgeukia Galgalo, akampiga begani. "Washa, mwanangu."

Galgalo akawasha, na sote watatu tukainamisha vichwa kidogo, tukasikiliza.

"Twende," akasema Ayeyo.